Kumrudisha Mke wa Saba

Wenzangu wa kwaya, mmenichosha. Tangu Jumapili kila ninayekutana naye hapa Mkonze ananishika mkono: "Sechelela, ilikuwaje huko Gulwe?" Nikianza tu kusimulia, mtu ananiletea gauni la kupunguza kiuno, nanyi mnabaki na nusu ya habari, nusu nyingine mnajitungia wenyewe. Juzi nimesikia eti Bibi yangu alikwenda kudai kiti cha utemi. Jamani! Mwanamke wa miaka themanini na ushee, anayeshindwa kupanda kitanda bila kusukumwa, adai utemi! Basi leo nimefunga cherehani, naandika yote. Mkishasoma msiniulize tena.

Kwa wale wageni wa mtaa: Bibi Mwendwa ndiye aliyenilea. Kabla hajaolewa na babu yangu mwinjilisti alikuwa mke wa mtemi. Mke wa saba, na wa mwisho. Nyumbani tulilijua jambo hilo na hatukulizungumza, kwa sababu babu alikuwa na wivu hata na marehemu.

Sasa, mwezi uliopita ikaja simu. Kijana anaitwa Elia, anapiga kutoka kijijini, jirani na Gulwe. Akasalimia vizuri, kisha akasema, "Bibi yangu Nyemo anasema, kama Mwendwa yu hai, aturudishie ngoma yetu." Basi. Nikamfikishia Bibi, naye akaacha kula. Alikuwa anakula mlenda wa karanga, na mnamjua Bibi na mlenda. Hapo nikajua kuna jambo.

Ndipo akanieleza. Nyemo alikuwa mke wa sita, na ndiye aliyekabidhiwa kumfunda yeye alipoingia kwa mtemi, binti mdogo asiyejua hata kukaa kwenye ngozi. Mtemi alipokufa, wazee wakaamua Mwendwa arithiwe na mdogo wa mtemi, mzee mwenye mguu mbovu na meno machache. Bibi hakuwa hata na miaka ishirini. Siku moja kabla wajane hawajanyolewa, akabeba ngoma yake, akasema anaipeleka kwa fundi ikakazwe ngozi, akaenda moja kwa moja stesheni, akapanda treni. Baadaye akasikia kwamba wazee walimwangushia lawama Nyemo, kwamba hakumlinda mwanafunzi wake, na wakamtoa yeye kwa yule mzee badala yake.

"Nilimwachia mwenzangu mzigo wangu," Bibi akaniambia. "Zaidi ya miaka sitini sijathubutu hata kutuma salamu. Na sasa ananiita mwizi. Ana haki. Nataka nikampigie magoti kabla mmoja wetu hajafa. Akinifukuza, anifukuze nikiwa nimefika."

Nikamwambia sawa, tutakwenda, ni safari ya nusu siku. Mimi na mdomo wangu. Ilituchukua siku nne.

Mkonze hadi Mvumi

Kosa la kwanza lilikuwa nguo. Nilimpigia pasi gauni lake la kitenge, lile la Pasaka. Akalikataa. Akajifunga kaniki nyeusi tii, akajitanda nyingine kichwani, akasema mke wa mtemi harudi nyumbani amevaa maua kama kitambaa cha meza.

Tukapanda basi la Mvumi, maana ngoma yenyewe ilikuwa huko kwa mdogo wake, Bibi Ruthi. Hatujatulia, mama mmoja wa kiti cha nyuma akaniinamia: "Poleni sana na msiba." Nikasema asante, kwa sababu nilikuwa natafuta nauli kwenye pochi na sikusikia vizuri. Basi hiyo asante ikatuponza. Yule mama akaanzisha wimbo wa kumsindikiza marehemu. Dereva akazima redio yake. Wa mbele wakadaka, wa nyuma wakadaka, baba mmoja akashusha besi ambayo kwaya yetu ingeilipia, basi zima linaomboleza na mimi sijui niingilie wapi. Nikamgeukia Bibi anisaidie kueleza. Anaimba! Tena sauti ya pili, macho kayafumba.

"Bibi, waambie hatujafiwa."

"Wimbo mzuri huu, usiukate," akasema.

Tukashuka Mvumi tukiwa wafiwa kamili. Watu walitushikia mizigo, wakatupa mikono ya pole, na yule baba wa besi akauliza marehemu alikuwa na umri gani. Bibi akamjibu bila kupepesa, "Alikuwa mtu mzima, mwanangu. Alishiba siku." Baadaye nikamgombeza kwa kudanganya watu, akanishangaa. Akasema alikuwa anamzungumzia mume wake wa kwanza, mtemi, na kwamba yeye kweli hakupata kumwimbia siku ile.

Mvumi, siku mbili za kungoja ngozi

Bibi Ruthi alitupokea kwa vigelegele na ugali wa uwele, na maziwa ya mgando ambayo mpaka leo nayaota. Tulipouliza ngoma, akaanza kuzungumzia hali ya hewa. Tukauliza tena. Akakumbuka kuna kuku hajafungiwa. Mara ya tatu Bibi akasema, "Ruthi, ngoma," kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, na Ruthi akaenda stoo akiburuta miguu.

Gogo la ngoma lilikuwa zima, jeusi kwa mafuta ya miaka. Ngozi ndiyo ilikuwa imekwisha. Panya walikuwa wameila, wakabakiza kipande kinachoning'inia ukingoni.

"Nilidhani umeisahau," Bibi Ruthi akasema.

"Mimi?" Bibi akasema, akakaa chini palepale.

Nikiri, mimi nilifikiri hapo safari imeishia. Lakini jirani alikuwa na mbuzi wa kuchinja kwa ajili ya kipaimara cha mwanawe, na fundi wa ngoma alikuwa nyumba ya tatu, mtu mkimya anayeitwa Yona. Akaichukua ngozi mbichi, akaikwangua manyoya kwa majivu, akaivuta juu ya gogo akaipigilia vigingi vya mti pande zote, kisha akaiweka juani. "Siku mbili," akasema. Nikamwambia tuna haraka. Akaniangalia, akaliangalia jua, akaenda zake.

Ni katika siku hizo mbili nilipopata kumjua Bibi yangu. Tulikaa tunailinda ngozi isiguswe na mbwa, tunakula nyama ya kipaimara cha watu, naye anasimulia. Nyumba ya mtemi ilikuwa tembe refu la paa bapa la udongo, lenye milango saba, kila mke na mlango wake, jiko lake na ghala lake la uwele, na ole wake atakayepita mlango wa mwenzake bila kubisha. Mtemi hakuonekana akila. Chakula kiliingizwa, mlango ukafungwa, vyombo vikatoka vitupu, na watu wa nje walitakiwa kuamini kwamba mtu yule hana tumbo.

"Na alikuwa na tumbo?"

"Alikula kuliko ng'ombe wa kulimia. Na alikoroma! Wageni wanakuja kutoka mbali kuomba mvua, wamepiga magoti uani, na ndani mtemi anakoroma mchana kweupe. Nyemo anatoka anawaambia, tulieni, ngurumo zimeanza."

Bibi akacheka mpaka akashika mbavu. Alinieleza jinsi Nyemo alivyomfundisha kusimama mbele ya wazee bila kucheka: ung'ate shavu kwa ndani, ufikirie kuni zilizolowana. Jinsi walivyosaga usiku wa kuamkia sherehe, kila mmoja na jiwe lake. Na ngoma. Kwetu Wagogo ngoma ya muheme hupigwa na wanawake, wanaibana ngoma mapajani, na wake wa mtemi walikuwa saba na ngoma saba. Ya Nyemo ilikuwa inaita na ya Bibi, ndogo kuliko zote, ilikuwa inajibu.

"Nilifurahi kule, Sechelela," akasema. "Watu wanafikiri nilikimbia mateso. Nilimkimbia mzee mmoja tu. Vingine vyote nilivililia ndani ya treni mpaka Dodoma."

Hapo nikaona kwamba aliogopa hasira ya Nyemo kwa sababu alimpenda. Nilimshika mkono, naye akaniambia nimfukuze mbwa.

Mvumi hadi Mpwapwa

Siku ya tatu ngozi ikawa kavu, ngumu, tayari. Bibi akaweka sharti: ngoma ya kwa mtemi hailii njiani. Ikishafungwa ngozi, mlio wa kwanza ni wa nyumbani. Nikaifunga kwa kanga mbili na blanketi.

Tukapata lifti ya kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, cha kijana mmoja Petro aliyekuwa anapeleka zabibu Mpwapwa. Bibi mbele na dereva, mimi nyuma na makreti ya zabibu na ngoma. Nisiseme uongo, nilikula zabibu. Petro mwenyewe alinikaribisha, ila nadhani hakutegemea ningeitikia kwa moyo ule.

Tumepita Mbande, tumeingia barabara ya Kongwa, gari likaruka tuta. Kreti moja likateleza likaiangukia ngoma. Duum! Blanketi na kanga zote, lakini ililia, tena vizuri.

Gari likasimama. Nikasikia mlango wa mbele unafunguliwa na Bibi anashuka mwenyewe, yeye ambaye nyumbani ananiita nimvushe kizingiti.

"Nani kaipiga?"

"Kreti, Bibi."

"Kreti halina mikono. Uliliweka wewe."

Basi tukashushwa wote. Ngoma ikalazwa kwenye kivuli cha gari, uso wake ukielekea mashariki, na ikabidi ipumzike mpaka kivuli kihame. Bibi akachukua maji kinywani, akaipulizia, akanong'ona maneno ya Kigogo ambayo nilielewa nusu. Petro akaniuliza kwa sauti ya chini kama zabibu zake zitaharibika. Nikamwambia amuulize Bibi. Akaenda kwa adabu zote, mikono nyuma: "Shikamoo Bibi, samahani, tutachukua muda gani?"

"Marahaba. Wewe ulikuwa unakimbiza gari kwenda kwa nani?"

"Kwa wateja, Bibi."

"Wana meno hao wateja?"

"Wanayo."

"Basi watangoja. Wasio na meno ndio wenye haraka." Akampa nusu ya chapati yake. Petro akakaa naye chini, na mpaka kivuli kinahama alikuwa ameshamweleza habari za wachumba wake wote wawili, na Bibi ameshamchagulia mmoja.

Mpwapwa tulifika jua linaelekea kuzama, mvua inanyesha. Tukalala kwa binamu wa mama yangu, nami sina la kusimulia ila kwamba godoro lilikuwa bora kuliko langu.

Mpwapwa hadi Gulwe

Kutoka Mpwapwa kwenda Gulwe si mbali. Asubuhi tukapanda pikapu ya abiria, na baada ya mwendo mdogo tu tukakuta magari yamepanga foleni. Korongo limejaa. Mvua ya jana ilikuwa imeteremka kutoka milimani, maji mekundu yanakwenda kwa kishindo, na watu wamekaa huku, wengine wamekaa kule, wanaitana kwa sauti.

Hakuna aliyekasirika isipokuwa mimi. Wenyeji walishazoea, wanawake walikuwa wamekwisha kuwasha mkaa, wanachoma mahindi, wanauza chai ya tangawizi. Bibi akaketi juu ya gurudumu la akiba, ngoma kaiweka mbele yake, anakula muhindi kwa jino la upande.

Akaja mzee mmoja mrefu, koti la mvua la manjano, viatu vya mpira. Akasalimia, "Mbukwenyi!" nasi tukaitikia. Akamuuliza Bibi anakwenda kwa nani. Bibi akamtajia nyumba ya mtemi.

Yule mzee akapiga ukelele wa furaha, akainyakua ngoma, akaikumbatia, akaanza kuondoka nayo.

Mimi nikamrukia. Nilikuwa na mwavuli, ule mkubwa wa kijani, na nilimpiga nao mgongoni mara mbili, labda tatu, huku napiga kelele za mwizi. Watu wakageuka. Nikategemea waje kunisaidia. Wakaanza kucheka. Mama wa mahindi alicheka mpaka akaketi. Na Bibi yangu, mlinzi wa ngoma, aliyemsimamisha Petro juani kwa ajili ya kreti, naye anacheka!

"Mwache, Sechelela! Huyo mtani!"

Nyie mliokulia mjini kama mimi, sikilizeni. Kwetu Wagogo utani si wa kabila na kabila tu. Ukoo na ukoo wana utani. Mtani anaweza kuchukua chako mbele ya macho yako na huruhusiwi hata kununa. Anaweza kumtukana maiti wako jeneza likiwa wazi, na wewe mfiwa unacheka huku unalia. Ukoo wa huyu mzee, jina lake Madeje, ulikuwa watani wa ukoo wa mtemi tangu zamani.

"Babu yangu," Mzee Madeje akawatangazia watu, bado ameikumbatia ngoma, "alisimama kwenye mazishi ya mtemi wao akasema, mzikeni haraka, akiamka atamaliza uwele! Na huyu mjukuu wao ananipiga mwavuli! Faini yake atanibebea koti."

Nikabeba koti. Lilikuwa linanuka samaki.

Maji yalianza kupungua mchana. Tukiwa tunangoja zamu ya kuvuka, Mzee Madeje akamtazama Bibi na kaniki zake, utani ukamtoka usoni kidogo.

"Mama, wewe ni wa ngapi?"

"Wa saba."

"Aliyeondoka na treni."

"Ndiye mimi."

"Ulinyolewa?"

Bibi akatazama maji. "Sikunyolewa."

Mimi nikauliza kuna nini. Mzee akanieleza kwamba mjane hunyolewa nywele na mtani ndipo msiba unakwisha kwake. Asiyenyolewa bado yumo msibani, na haingii tena katika nyumba ile kama mtu wa nyumbani.

Nikawaka. Nikasema huyu mwanamke alishaolewa tena, kanisani, akazaa watoto watano, akamzika mume wa pili, ana wajukuu na vitukuu, msiba gani wa miaka sitini!

"Huko ni kwenu Mkonze, mama," Mzee Madeje akanijibu kwa upole. "Huku bado ni wiki ile ile."

Bibi akasema taratibu, "Ndiyo maana siku zote nilijua sitaingia." Alikuwa amebeba hilo tangu Mkonze, na hakuniambia, na mimi nilikuwa namsumbua kuhusu gauni la kitenge.

Kwa mtemi

Tembe halipo. Milango saba haipo. Kuna nyumba moja ya matofali, bati jekundu, mlango mmoja wa mbao, na pembeni shamba la mahindi lililoota juu ya matuta ya udongo. Bibi alishuka, akasimama akiyahesabu matuta yale kwa kidole, kisha akaingia kati ya mahindi akasimama mahali. "Mlango wangu ulikuwa hapa," akasema. Akakataa kutoka. Ule mlango wa mbao ulikuwa upande wa mke wa kwanza, na yeye hakuwa na ruhusa ya kuupita.

Elia, yule kijana wa simu, akatoka kutusalimu. Ni mtu mzima kumbe, mwalimu, ana kipara. Akarudi ndani, akatoka tena, amejaa aibu.

"Bibi Nyemo anauliza, ngoma imefika?"

Hakuuliza kama Mwendwa amefika. Nilimwona Bibi akiinamisha kichwa katikati ya mahindi, na nilitaka kumbeba nimrudishe nyumbani hapo hapo. Hasira zilinipanda, jamani. Siku nne! Panya, ngozi, korongo, koti la samaki, halafu tunaulizwa kigogo cha mti!

Mzee Madeje ndiye aliyetuokoa. Hakuuliza mtu. Akaomba kigoda, maji na wembe mpya, akaweka kigoda pale pale ulipokuwa mlango wa saba, akamkalisha Bibi, akamvua kaniki ya kichwani. Nywele nyeupe pee. Akaanza kunyoa, na alivyonyoa ndivyo alivyotukana, kwa sauti ya kusikika ndani ya nyumba na nyumba ya jirani.

"Tazameni kichwa hiki! Kama kibuyu cha kuchujia togwa! Mtemi alitoa ng'ombe kwa kichwa hiki? Ndiyo maana alikuwa anakoroma mchana, alikuwa anajificha asikione!"

Watoto wa shule waliokuwa wamekusanyika wakacheka. Bibi akawa anang'ata shavu kwa ndani, namwona kabisa.

"Na aliyemfunda naye! Mke wa sita! Alimfunda nini? Kupanda treni! Mwalimu wa treni huyo ndani, mwambieni atoke tumuone, au naye ameota mizizi kwenye ngozi?"

Ndani ya nyumba kikatoka kicheko. Kicheko chembamba cha kizee, kinachoanza, kinakatika kwa kukohoa, kinaanza tena. Mlango ukafunguka, na akatoka bibi mdogo kama mtoto wa darasa la nne, fimbo mkononi, macho yameingia ukungu, anacheka na machozi yanamtiririka.

Bibi akaanguka magoti palepale, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado.

"Dada. Nisamehe. Nilikuachia yule mzee."

Bibi Nyemo akapapasa hewani kwa fimbo mpaka akamgusa bega.

"Mzee yupi?"

"Mdogo wa mtemi. Nilikimbia mimi, ukapewa wewe."

"Yule?" Bibi Nyemo akasema. "We Mwendwa. Yule alikuwa ananisagia uwele kwa mikono yake nilipokuwa na mimba. Mwanaume, anasaga! Anafunga mlango watu wasimwone. Alikuwa hakoromi. Alimlilia mtoto wetu alipoumwa kama vile yeye ndiye aliyezaa. Nimekaa naye miaka ishirini na mitano, na siku niliyomzika nikasema, namtafuta yule mtoto aliyepanda treni nimwambie asante."

Mimi nililia, sifichi. Mzee Madeje alijifanya anafuta wembe.

"Sasa mbona uliita ngoma?" Bibi akauliza hatimaye. "Mbona hukuniita mimi?"

"Ningekuita wewe usingekuja," Bibi Nyemo akasema. "Ungesema Nyemo anataka kugombana. Nikaidai ngoma. Nilikufunda mwenyewe, nakujua: cha watu huwezi kukaa nacho ukikumbushwa."

Mzee Madeje akamalizia nusu ya kichwa iliyobaki. Kisha akamshika Bibi mkono, akampitisha kwenye ule mlango wa mbao, mlango wa mke wa kwanza, akisema wa kwanza hayupo, wa pili hayupo, wa tatu, wa nne na wa tano hawapo, sasa nyinyi wawili gombanieni. Ndani kulikuwa na kuku wa mchuzi na ugali, na mlenda ambao Bibi alirudia mara tatu.

Ngoma ya Bibi Nyemo ililiwa na mchwa zamani. Aliletewa ndoo ya plastiki, akaibana mapajani, akaita. Vidole vya Bibi vimepinda, mnavijua, hata kifungo havifungi. Vikajibu. Walikosea, wakagombana ni nani aliyekosea, wakaanza upya, na uani wanawake wakaanza kucheza na watoto wa shule nyuma yao, na mimi, fundi cherehani wa Mkonze, nimecheza mpaka kiatu kimekatika.

Kurudi

Nilikaa siku mbili. Asubuhi ya kuondoka nilifunga mizigo yangu na ya Bibi, nikaiweka mlangoni. Nilipotoka kuaga nikakuta mzigo mmoja tu. Wa kwake ulikuwa umerudishwa ndani, juu ya kitanda, na Bibi mwenyewe amekaa kwenye ngozi karibu na mwenzake, wanapepeta karanga.

"Bibi, gari limefika."

"Nenda salama, mwanangu. Pita kwa Ruthi umsalimie."

Nilisimama pale kama niliyepigwa kofi. Mnajua yeye ndiye mama yangu. Nilimwambia nyumbani kuna dawa zake za presha, kuna kitanda chake, kuna mimi. Akasema dawa zitapatikana Mpwapwa, kitanda nimpe mgeni, na mimi nina miaka arobaini na nane. Akanibariki kwa maji, akanipulizia usoni, akanishika masikio kama alivyokuwa anafanya nikiwa mdogo. Nililia kwenye pikapu mpaka korongoni, na lilikuwa kavu.

Kwa hiyo msiniulize tena Bibi yuko wapi. Nyumba yangu imekuwa kimya, nakubali, na jioni napika mlenda mwingi kuliko ninavyoweza kula. Lakini leo asubuhi, kabla sijakaa kuandika haya, nilimpigia Elia simu anipe Bibi. Akachelewa sana kumfikishia simu. Nyuma yake nawasikia wawili wale wanagombana kwa sauti kuu, mmoja anasema chumvi imezidi, mwingine anasema ulimi wako ndio umezeeka, halafu kicheko. Bibi alipoishika simu nikamwambia, "Bibi, kama umechoka huko, sema nije nikuchukue kesho."

"Nani huyo?" nikasikia Bibi Nyemo anauliza.

"Sijui," Bibi yangu akajibu, na akanikatia simu.